Kompyuta ya nyumbani inayokurusha kwenye kurasa usizozitaka: namna ya kuisafisha bila kupiga windo

Mtoto yuko mezani anatafuta matokeo ya kidato cha nne. Kaandika vizuri, kabonyeza, na badala ya orodha ya shule za Mtwara unafunguka ukurasa unaompongeza kwa kushinda simu. Anajaribu tena, safari hii anatupwa kwenye kamari. Kesho yake baba anatafuta bei ya mnada wa korosho kwenye kompyuta hiyo hiyo, naye anaangukia kule kule.

Ukiipeleka kwa fundi, iwe Mtwara mjini, Masasi au Nachingwea, jibu utakalopewa mara nyingi ni moja: "Hii ya kupiga windo tu, mama," yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Unaacha mashine, unalipa, na ukiichukua picha za harusi hazipo, kazi za shule hazipo. Linaloumiza zaidi ni kwamba siku chache baadaye kamari ile ile inaweza kurudi, juu ya windo mpya kabisa. Sababu yake nitaieleza hapa chini, kwa kuwa wengi hawaambiwi.

Tatizo hili mara nyingi linatibika nyumbani, kwa mikono yako na kwa bando dogo. Kila hatua jiulize swali moja: nikishaliondoa, nini kinalirudisha? Ukimpata anayelirudisha, kazi imekwisha.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na 11. Menyu za mashine zetu nyingi ziko kwa Kiingereza na hubadilika kila toleo, kwa hiyo nimetumia zaidi anwani za kuandika kwenye kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome au Edge), pamoja na amri za kuandika kwenye kisanduku kinachotokea ukishika kitufe cha Windows na herufi R kwa pamoja. Hizo hazibadiliki ovyo.

Kwanza jua ugonjwa umekaa wapi

Usifute chochote bado. Chukua simu, iunganishe kwenye Wi-Fi ile ile inayotumiwa na kompyuta, kisha tafuta kitu kile kile. Simu nayo ikirushwa, mgonjwa huenda ni ruta, yaani kile kifaa kinachotoa Wi-Fi, na unaweza kuruka hadi sehemu ya ruta. Simu ikiwa salama, mgonjwa ni kompyuta. Kama huna ruta na unatumia hotspoti, unganisha kompyuta kwenye hotspoti ya simu ya mtu mwingine. Ikiendelea kurushwa, jibu umelipata.

Halafu fungua kivinjari kingine. Unayetumia Chrome, jaribu Edge, ambayo imo tayari ndani ya Windows. Edge ikienda sawa, tatizo limo ndani ya Chrome peke yake. Vyote viwili vikirushwa, limeshuka chini zaidi, kwenye Windows yenyewe.

Kama unarushwa ukiwa kwenye tovuti moja tu, hasa zile za kuangalia mpira au muvi za bure, ambako kila ukibonyeza unafunguka ukurasa mwingine, kompyuta yako huenda haina ugonjwa wowote. Ni tovuti yenyewe inayojilisha kwa matangazo. Iache.

Mpaka umalize, usiingie benki kwa kompyuta hiyo, usinunue kitu, usiandike nywila. Kiendelezi kibaya, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kinaweza kuwa kimepewa ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye kila tovuti unayofungua, maana yake unachoandika nacho kinakiona.

Ni vizuri pia ujue mtu anapata nini kwa kukusumbua hivi. Analipwa kwa kila utafutaji na kila mbonyezo anaoupeleka kwa watangazaji. Ndiyo maana wengine wanashangaa wameandika kwenye Google lakini majibu yanatokea kwenye Yahoo au Bing. Utafutaji wako umepitishwa kwanza kwenye anwani yake, akahesabiwa fedha, kisha ukafikishwa kwenye injini halali ili usishtuke. Ukiona anwani ngeni inapita kwa haraka kule juu kabla majibu hayajatokea, iandike pembeni. Itakusaidia baadaye kutambua kitu cha kufuta.

Ukurasa unaopiga kelele kwamba una virusi

Huu nautenga kwa sababu unawatia watu hofu, wazee hasa. Skrini nzima inajaa, sauti inalia, namba ya simu inatokea, pengine unaambiwa utume fedha ili ufunguliwe. Usipige, usitume, usipakue "dawa" inayotolewa hapo. Ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kuikagua kompyuta yako na kujua ina virusi. Shikilia kitufe cha Esc mpaka skrini irudi. Ikigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, chagua kivinjari kwenye orodha, kifunge. Ukikifungua tena na kikakuuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa. Namba ya tapeli aliyekutumia ujumbe wa kuomba fedha unaweza kuiripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Arifa

Hii ni hatua fupi, na kwa watu wengi ndiyo yote. Matangazo yanayochomoza pembeni chini ya skrini hata kivinjari kikiwa hakijafunguliwa kwa kawaida si kirusi. Ni tovuti uliyoipa ruhusa bila kujua, ilipokuambia ubonyeze "Allow" ili kuthibitisha wewe si roboti. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications, kwenye Edge andika edge://settings/content/notifications. Kila tovuti usiyoitambua kwenye orodha ya walioruhusiwa, iondoe. Ningekushauri uzuie kabisa tovuti zisiombe ruhusa hiyo. Sijaona hasara yake kwa kompyuta ya nyumbani.

Viendelezi: hapa kaa kwa utulivu

Andika chrome://extensions, au edge://extensions, au about:addons kama unatumia Firefox. Utaona orodha ya viendelezi. Usitafute chenye jina baya, kwa sababu hakipo. Vinajiita kigeuzi cha PDF, kipakua video, ramani, hali ya hewa, kuponi, na hata kizuia matangazo. Swali la kuuliza ni hili: nani nyumbani humu alikiweka, na kwa kazi gani? Kikikosa mwenyewe, kiondoe. Kuzima tu hakutoshi. Kama una shaka na kimoja, zima vyote, tafuta kitu mara kadhaa, kisha uwashe kimoja kimoja mpaka tatizo lirudi. Kilichorudi nalo ndicho.

Kuna mambo matatu ya kuangalia hapa.

La kwanza, ukurasa wa viendelezi unaweza kugoma kufunguka, ukaupigia hodi ukapelekwa kwenye mipangilio ya kawaida. Hiyo ni dalili kubwa. Mwaka 2022 kilisambaa kirusi kilichopewa jina la ChromeLoader, ambacho baadhi ya matoleo yake yalifanya hivyo hivyo ili mtu asione kiendelezi chake. Kilijificha kwenye mafaili ya ISO (nakala ya diski nzima ndani ya faili moja) yaliyodaiwa kuwa magemu na programu za bure zilizovunjwa kufuli. Ukishuku kitu cha namna hiyo, andika chrome://version na usome mstari mrefu wenye njia ya chrome.exe. Ukiona ndani yake maneno --load-extension, kuna kitu nje ya Chrome kinachojaribu kupakia kiendelezi kila inapofunguka. Kitafute kwenye sehemu ya "Kinapojirudisha".

La pili, kiendelezi kinaweza kukosa kitufe cha kukiondoa, na kivinjari kikasema kinasimamiwa na shirika lako. Nyumbani kwako hakuna shirika. Hilo nalo dawa yake iko mbele.

La tatu ni lile nililoahidi mwanzoni. Ukiwa umeingia Chrome kwa akaunti ya Google, viendelezi vyako huhifadhiwa pamoja na akaunti. Fundi akipiga windo, ukafungua Chrome mpya na kuingia kwa akaunti ile ile, Chrome kwa uaminifu wote inakurudishia kila kitu, pamoja na kiendelezi kibaya. Umelipia fundi na ugonjwa umeurudisha mwenyewe kwa nywila yako. Kwa hiyo kabla ya kusafisha, nenda chrome://settings/syncSetup na uzime usawazishaji ("sync"), yaani huko kuhifadhi vitu kwenye akaunti. Safisha, jiridhishe siku mbili tatu, ndipo uuwashe. Kama kompyuta mbili za familia zinatumia akaunti moja, safisha zote kabla ya kuwasha popote.

Ukimaliza viendelezi, pita chrome://settings/searchEngines uone injini ipi imewekwa kuwa ya kawaida, ufute usizozijua, kisha chrome://settings/onStartup uone ukurasa gani unafunguka mwanzoni. Bonyeza pia kwa kitufe cha kulia cha mausi kwenye ikoni ya kivinjari, fungua "Properties", usome kisanduku cha "Target". Kinatakiwa kiishie kwenye chrome.exe, au baada yake jina la wasifu tu. Ikifuata anwani ya tovuti, ifute.

Sasa zima kompyuta, iwashe, utafute tena. Kama kumetulia, nenda moja kwa moja kwenye nywila. Kama kumerudi, endelea.

Kinapojirudisha

Kurudi baada ya kuwasha upya maana yake kuna mlinzi ndani ya Windows anayekagua kivinjari na kukipotosha tena. Usikirudie kivinjari kwanza, utachoka bure.

Bonyeza Windows na R, andika appwiz.cpl, ingiza. Hiyo ni orodha ya programu zilizosakinishwa. Bonyeza juu ya safu ya tarehe ili zilizoingia karibuni zikae juu. Kumbuka tatizo lilianza lini, angalia kilichoingia siku hiyo au siku moja kabla. Mara nyingi utakuta programu tatu nne zimeingia ndani ya dakika chache, wakati wewe ulikusudia moja. Ndivyo wanavyofanya. Programu ya bure inabeba nyingine mgongoni, na aliyekuwa anabonyeza "Next, Next" hakusoma kwamba kuna visanduku vilivyowekewa tiki tayari. Ondoa usizozijua, moja baada ya nyingine. Wakati wa kuondoa soma kila swali, kwa sababu baadhi hukuuliza kwa hila kama ungependa kuzibakiza. Majina yenye Microsoft, Intel, Realtek au la kampuni iliyotengeneza kompyuta yako usiyaguse kwa kubahatisha.

Halafu angalia vinavyoamka pamoja na Windows. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda sehemu ya "Startup", zima usivyovijua. Kisha Windows na R, andika taskschd.msc. Hapo ni ratiba ya kazi ambazo Windows inazifanya kwa siri kila saa au kila siku, na ndipo ChromeLoader ilipojificha. Kazi nyingi humo ni halali, kwa hiyo usifute kwa hasira. Tafuta ile inayoita powershell, cmd au wscript ikifuatwa na mstari mrefu wa herufi zisizosomeka, au inayoelekeza faili lililo ndani ya folda ya AppData lenye jina la ovyo. Izime kwanza, washa upya, uone. Kompyuta ikienda sawa na urushwaji umekoma, ndipo uifute.

Sasa lile la shirika. Andika chrome://policy. Kwenye kompyuta ya nyumbani orodha ya sera (masharti yaliyowekewa kivinjari) kwa kawaida huwa tupu, isipokuwa umeweka antivirusi au programu ya kulinda watoto iliyoiandika yenyewe. Ukikuta sera zinazolazimisha kiendelezi au injini ya utafutaji usiyoichagua, funga Chrome, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi (ibonyeze kulia, chagua "Run as administrator"), uandike amri hizi, kila moja kwa wakati wake:

reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f

reg delete "HKCU\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f

Moja ikijibu kwamba haikukuta kitu, si kosa. Lakini kama kompyuta ni ya ofisi, ya shule au ya chama cha msingi, usifanye hivyo. Huko sera zinaweza kuwa zimewekwa kwa kusudi, mwone mhusika.

Viwili vya kupitia haraka. Windows na R, andika inetcpl.cpl, nenda "Connections" kisha "LAN settings": kama hujawahi kuweka proksi (kompyuta ya kati inayopitisha intaneti yako), kisanduku cha proksi kisiwe na tiki. Kisha fungua Notepad kwa haki za msimamizi, na ndani yake ufungue faili lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts. Mistari inayoanza na alama ya # haina kazi. Usio na alama hiyo na unaotaja Google au tovuti nyingine ya kawaida, ufute.

Ukaguzi wa antivirusi

Huna haja ya kununua. Windows ina antivirusi yake, Defender. Fungua "Windows Security", kabla ya kukagua pita kwenye orodha ya "Exclusions", yaani folda ambazo Defender ameambiwa asiziangalie. Ukikuta kitu humo ambacho hukukiweka, kiondoe. Hapo ndipo wanapojificha, na ukaguzi unaopita bila kuangalia hapo hauna maana. Washa pia, chini ya "App & browser control", ulinzi wa programu zisizotakiwa. Kisha endesha ukaguzi kamili, na baada yake ule wa "offline scan". Huu wa pili huizima kompyuta na kukagua kabla Windows haijaamka, huchukua kama dakika 15. Hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa, umeme wetu unaweza kukatika wakati wowote.

Chombo kingine ninachokiamini ni AdwCleaner ya Malwarebytes. Ni ya bure, ndogo, haihitaji kusakinishwa, na imetengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu hasa. Ila usiitafute kwa kutumia kompyuta inayorushwa, utapelekwa kwenye ya bandia. Andika malwarebytes.com mwenyewe kule juu, au ipakue kwa simu uilete kwa waya. Na ukisoma mahali kwamba Chrome ina chombo chake cha kusafisha kompyuta, maelezo hayo ni ya zamani. Google ilikiondoa Machi 2023.

Baada ya yote haya ndipo urudishe kivinjari kwenye hali yake ya mwanzo: chrome://settings/reset, edge://settings/reset, na kwa Firefox about:support kisha "Refresh Firefox". Alamisho na nywila ulizohifadhi hubaki.

Kama mgonjwa ni ruta

Ruta ndiyo inayoiambia kompyuta iulize wapi anwani za tovuti. Akibadilisha mtu hapo, kila kifaa cha nyumba kinapotoshwa, hata simu ya mgeni. Si hadithi. Genge la DNSChanger, ambalo FBI ililivunja Novemba 2011 kwa kukamatwa Waestonia sita, lilikuwa limezigusa kompyuta zaidi ya milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 kwa njia ya kubadilisha DNS, yaani mahali kompyuta inapouliza anwani za tovuti, na kirusi chao kiliweza kuingia kwenye ruta ambazo wenyewe hawakubadilisha nywila ya kiwandani. 

Angalia kibandiko chini ya ruta, kina anwani ya kuingilia. Nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Ingia, tafuta DNS. Ikiwa imeandikwa namba usizozijua, iweke ijichukulie yenyewe kutoka kwa mtoa huduma, au andika 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Badilisha nywila ya kuingilia ruta, ambayo ni tofauti na ile ya Wi-Fi. Ikigoma kabisa, kuna kitundu cha kubonyeza kwa pini ili irudi kiwandani, lakini kama unatumia faiba, mpigie kwanza mtoa huduma akupe jina na nywila za kuunganisha, vinginevyo utabaki bila intaneti. Kwenye kompyuta malizia kwa kuandika ndani ya Command Prompt amri ipconfig /flushdns.

Nywila

Ukishasafisha, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kwa sababu ndiyo inayofungua nyingine zote, kisha benki na mitandao ya kijamii. Fanya kwa simu, si kwa kompyuta iliyotoka kuugua. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kwenye akaunti ya Google pitia orodha ya vifaa vilivyoingia, ukiona kompyuta usiyoijua itoe.

Kiliingiaje

Nasema hili wazi kwa sababu linawagusa wanafunzi wetu wengi, kuanzia sekondari hadi chuo. Njia kubwa ni programu zilizovunjwa kufuli: Office ya bure, kiamshi cha Windows (programu ya kuifanya Windows isiyolipiwa ionekane halali), gemu la kulipia lililowekwa kwenye flashi. Maelezo yake huanza kwa kukuambia uzime antivirusi kwanza. Mtu anayekutaka ufungue mlango na ufunge mbwa hana nia njema. Kuna njia halali zisizo na gharama: LibreOffice inaandika barua na kutengeneza majedwali bila kulipia, na Office ya kwenye kivinjari ni ya bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft.

Flashi ya kutoka steshenari au ya kujazia muvi, bonyeza kulia na uikague kwa Defender kabla ya kuifungua. Muvi halina sababu ya kuwa faili linaloishia na .exe. Watoto wafungulie akaunti yao isiyo na haki za msimamizi, ili programu inayotaka kujisakinisha iombe nywila yako. Na unapotafuta mambo ya serikali, matokeo au mikopo ya elimu ya juu, andika anwani mwenyewe, mfano necta.go.tz, na uhakikishe inaishia na .go.tz. Kama bado uko kwenye Windows 10, jua kwamba Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida 14 Oktoba 2025. Kompyuta ikiweza kubeba Windows 11, ihamishe.

Ikibidi kupiga windo

Inabidi pale ambapo umefuata yote na Defender haamki, au ukimzima adui mmoja wanatokea wawili. Kabla hujaipeleka kwa fundi, nakili picha, nyaraka na kazi za shule kwenye diski ya nje, mafaili yenyewe tu, bila programu wala visakinishi. Mwambie fundi aweke Windows kutoka kwenye kisakinishi kilichopakuliwa Microsoft, na asiongeze kiamshi wala Office iliyovunjwa. Kompyuta nyingi zilizokuja na Windows halali hujitambua zenyewe zikiunganishwa kwenye intaneti. Kaa naye ukiweza. Kisha, kwa kutumia simu, fungua chrome.google.com/sync na ufute data iliyohifadhiwa huko, ila hakikisha kwanza nywila ulizohifadhi umeziandika mahali salama. Hilo likishafanyika ndipo uingie Chrome kwenye mashine mpya.